Herufi Zilizowahi Mno

Ujung Pandang, 9 Februari 1991

Kwa dada yangu Mbak Murti,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe na shemeji yangu Mas Muji na Mama, na kwamba mvua za mwaka huu hazijawachukulia tena kuku mtoni. Sisi huku hatujambo. Hasnah ameacha kuulalamikia upishi wangu. Amenipiga marufuku jikoni, basi. Kiwandani bado nasoma prufu za vitabu. Wiki hii nimepitia kurasa mia mbili za ufugaji wa bata, na sasa nayajua magonjwa ya bata kuliko ya binadamu.

Palupi ametimiza miaka kumi na miwili. Macho ni ya babu yake, ulimi ni wa mama yake, kwa hiyo nyumbani sina mahali pa kujificha. Yeye ndiye aliyenifanya nikuandikie leo.

Mwalimu wao aliwaambia wapeleke darasani kitu cha zamani cha nyumbani. Nikampa cheti changu cha kuzaliwa na, baada ya kusitasita, ile barua ya Baba. Unaijua, Mbak. Ulinipa wewe mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi na minne, nimeacha shule, nguo zangu nimezifunga tayari kwenda kumtafuta Baba visiwani walikopelekwa waliokamatwa kwa tuhuma za ukomunisti. Uliniambia aliiandika kizuizini Februari 1966, na mtu fulani akaificha miaka yote hiyo. “Giyarto mwanangu, soma. Mtii mama yako. Vuka daraja kwa uangalifu ukienda shule. Usinitafute, wakati ukifika nitakuja mwenyewe.” Kwa barua hiyo nilifungua mzigo wangu nikarudi darasani.

Palupi akaziweka karatasi mbili mezani, akaniuliza: “Babu si alikuwa mwalimu wa lugha?”

“Tena mkali.”

“Mbona amekosea jina lako?”

Kwenye cheti nimeandikwa Gijarto. Kwenye barua, Giyarto. Nikamweleza, huku natabasamu, kwamba zamani penye y tuliandika j, na penye j tuliandika dj, mpaka serikali ilipobadilisha tahajia mwezi wa nane mwaka 1972. Akaiinamia barua tena. Kisha akasema, “Basi Babu alijua mapema.”

Mbak, tabasamu langu sijui lilikwenda wapi. Nimeisoma barua ile herufi kwa herufi, kama ninavyosoma prufu. Neno la kusoma limeandikwa belajar. Mtu wa mwaka 1966 angeandika beladjar, na Baba angemchapa ambaye hakuandika hivyo. Karatasi nzima haina dj hata moja. Mimi ninayelipwa kuona makosa nimeibeba mfukoni miaka kumi na minane na sikuona kitu, kwa kuwa nilishaihifadhi kichwani na sikuwa tena naisoma.

Labda ya kwanza ilichakaa ukainakili? Niambie tu hivyo nami nitalala.

Mdogo wako,
Gik

*

Sumberjati, 30 Machi 1991

Kwa Dik Gik,

Waalaikum salaam. Barua yako ilifika zamani, usiwalaumu watu wa posta. Mimi ndiye niliyechelewa. Tumo kwenye mfungo na kazi haziishi. Mama aliteleza kisimani mwezi uliopita, goti likavimba kama nazi, lakini mfupa haukuvunjika. Bado anabisha kwamba kisima ndicho kilichosogea. Mas Muji anakohoa tangu mvua zilipoanza. Anaacha ukarani wa kijiji mwaka huu kwa ajili ya kifua hicho, na tayari anazunguka nyumba akitafuta cha kutengeneza. Juzi ametengeneza kiti ambacho hakikuwa kibovu, sasa ni kibovu.

Mwambie Palupi shangazi yake anamsalimu, na kwamba msichana mwenye macho makali namna hiyo asome uhakimu.

Habari ya barua ni kama ulivyosema. Mchwa waliila ya kwanza, nikainakili. Usijichoshe.

Mama anauliza kama mtakuja kwa Idi ya Lebaran. Nimemwambia nauli ya meli imepanda. Kula vizuri.

Dada yako,
Murti

*

Ujung Pandang, 21 Aprili 1991

Mbak Murti,

Baada ya salamu, nawatakia nyote Lebaran njema, na mniwie radhi makosa yangu ya dhahiri na ya moyoni. Hasnah ametuma kitambaa cha Mama kwa mkono wa jirani anayekwenda Surabaya. Goti la Mama likandwe kwa mzizi wa kencur, lisikandwe kwa maneno ya Mas Muji.

Nimejaribu kukuamini, Mbak. Nimejaribu wiki mbili.

Lakini wewe unaandika kwa kulalia kushoto, kama mpunga uliopigwa na upepo. Barua ile imesimama wima, g zina mkia mrefu unaopinda, t zimekatwa juu kabisa. Nimeilinganisha na daftari la mahudhurio la Baba, lile moja alilotuachia. Ni mkono wake. Kwa hiyo hukuinakili wewe. Na Baba hakuweza kuiandika, maana maneno yale yameandikwa kwa tahajia ambayo haikuwepo.

Kuna jambo jingine pia. “Vuka daraja kwa uangalifu.” Daraja lipi, Mbak? Mwaka 1966 tulivuka kwa chelezo cha mianzi, wewe ukinishika kola ya shati. Daraja la saruji lilijengwa nikiwa darasa la tano. Nakumbuka kwa sababu siku ya kulifungua nilikataa kuimba.

Unakumbuka ulivyonisimulia Baba alipokupeleka kwenye mchezo wa jukwaani wa ketoprak? Mfalme wa miaka mia sita iliyopita akamwambia waziri wake tumechelewa vitani, akainua mkono kutazama, na kwenye mkono wake kuna saa inang'aa. Umati haukuona kitu. Baba alicheka peke yake mpaka watu wakamgeukia, akakunong'oneza: “Hicho kitu hakijazaliwa.” Ulikuwa ukiiga sauti yake vizuri mno, nami nikakuomba urudie, tena na tena, kwa sababu sauti yake mwenyewe nilikuwa nimeisahau.

Mimi sasa nimekuwa kama yule mmoja aliyeiona saa, ila siwezi kucheka. Nani aliandika? Aliandika lini? Na kama Baba hakuandika Februari 1966, mwezi huo alikuwa wapi?

Gik

*

Sumberjati, 2 Agosti 1991

Gik,

Hatujambo. Mama hajambo kidogo. Tumeanza kukata miwa.

Umeniandikia mara tatu tangu Aprili, na zote nimezisoma. Ile ya tatu Mama aliipokea mwenyewe kwa mtu wa posta, akaishika kifuani akaniuliza kama ni ya Baba yenu. Kila bahasha huuliza hivyo. Unataka nimjibu nini?

Wewe una kazi, mke na mtoto anayesoma. Nilikuwa na mdogo mmoja tu, na alikuwa amefunga mzigo. Wanaume wazima walikuwa wakienda kuuliza habari za ndugu zao na hawarudi, na wewe ulikuwa na miaka kumi na minne na kaptula imechanika. Basi. Barua ile ilifanya kazi yake. Mtu akivuka mto salama, hakai kukagua mianzi ya chelezo.

Ukitaka kuja nyumbani, njoo ule, ulale, umkande Mama goti. Ukija kuuliza, usije.

Murti

*

Ujung Pandang, 19 Agosti 1991

Mbak,

Nawasalimu. Hasnah ananikataza kuandika nikiwa na hasira, nimemsubiri alale mchana ndipo nimeketi.

Unasema ilifanya kazi yake. Kwangu, ndiyo. Kwa Mama je? Hii nimeikumbuka juzi. Mwaka ule ule 1973 Mama alikuwa ameshakubali. Alinunua mchele, alimwita modin wa msikiti aje kusoma hitima ya Baba, majirani waliahidi kuja kusaidia kupika. Halafu nikaisoma barua yangu kwa sauti pale barazani, kwa kuwa nilikuwa na furaha. Mama akatoka jikoni na mikono imejaa unga. Kesho yake akarudisha mchele dukani.

Tangu siku hiyo Baba hajasomewa hata hitima moja. Si ya siku saba, si ya arobaini, si ya mia, si ya elfu. Hukuyaona hayo? Ulikaa naye nyumba moja ukimtazama anasubiri.

Mama ana miaka sitini na minne. Sitaki afe akiangalia bahasha. Nipe tarehe, Mbak. Mtu aliyeweza kumtungia Baba maneno anajua alikufa lini. Usiponipa, nitapanda meli nimwambie Mama mwenyewe, na nitamwambia vibaya, kwa kuwa sijui lolote.

Gik

*

Sumberjati, 6 Oktoba 1991

Dik Gik, mdogo wangu,

Assalamu alaikum. Mama amelala chumbani kwake. Mas Muji yuko nje, anasuka kizimba cha kuku. Nimemwambia nakuandikia nini. Akasema, “Andika yote.” Kwa hiyo naandika yote ninayoyajua, na pale nisipojua nitakwambia sijui.

Baba aliitwa ofisi ya serikali Jumanne asubuhi, akaenda kwa baiskeli yake, amevaa shati la kufundishia. Alifikiri ni habari ya yale madarasa ya jioni aliyowafundisha wakulima kusoma. Walimweka na wengine kwenye ghala la magunia kule nyuma ya mashamba ya miwa. Mama alikuwa na homa, wewe ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa na kumi na sita, nikapeleka chakula mimi.

Vijana waliowekwa kulinda mlango walikuwa watu wa huku huku. Mmoja alikuwa Tarmuji, mwanafunzi wa Baba, yule aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, ambaye Baba alimtumia kuandika ubaoni siku akiwa na mafua. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Jumatano alikipokea chakula, akakiingiza. Alhamisi hivyo hivyo. Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi nilifika, akanirudishia chombo mkononi mwangu kabla sijasema.

“Dik Murti, kesho usilete.”

“Wamemhamishia wapi?”

Akatazama chini. “Jana. Baada ya alasiri. Walipakiwa kumi na wanane. Lori limerudi tupu.” Kisha akasema, “Usilie hapa. Wanakutazama.”

Sikulia. Njiani nilikimwaga chakula mferejini, kwa sababu Mama angepima uzito wa chombo. Nilipofika aliniuliza kitandani: “Amekula?” Nikasema amekula. Akaniuliza amesema nini. Nikasema amesema upone. Hiyo ndiyo barua ya kwanza niliyomtungia Baba, Gik, ingawa haikuwa na karatasi.

Tarehe yako ni hii: Ijumaa, siku ya Pahing kwa kalenda yetu ya Kijava, 26 Novemba 1965.

Baada ya hapo hakuna jirani aliyekanyaga kwetu. Utakumbuka gunia la mchele lililokuwa likikutwa mlangoni Jumatatu asubuhi. Mama alisema ni la malaika. Lilikuwa la Tarmuji. Miaka minne alileta hakusema neno. Mwaka 1970 alikuja kuniposa, nikakubali. Watu walidhani ni njaa, au hofu, maana mke wa karani hasumbuliwi. Vyote vilikuwepo. Lakini pia alikuwa mtu wa mwisho kumwona Baba, nami nilitaka kuishi karibu na macho hayo. Sijui kama utanielewa. Mimi mwenyewe kuna siku sijielewi.

Sijawahi kumuuliza alikuwa wapi Ijumaa ile alasiri. Miaka ishirini na moja ya ndoa, sijauliza, naye hajasema. Tumezungumza juu ya kuku, mvua, watoto ambao hatukuwapata. Hilo hatujaligusa.

Ulipofunga mzigo wako nilimwendea nikalia. Akatoa karatasi kwenye daftari la zamani la Baba. Mimi nilisema maneno, yeye aliandika, mezani pale pale unapokula ukija nyumbani. Mkono wa Baba aliujua toka shuleni. Tahajia ilikuwa ya ofisini. Mwaka ule karani aliyeandika dj alirudishiwa karatasi. Hakufikiri. Wala mimi sikufikiri. Na daraja ni langu, nilikuwa naogopa unavyokimbia pale bila kushika kingo.

Barua niliiandikia mtoto. Sikujua itasikilizwa na mjane. Mama alipotoka na unga mikononi nilifungua mdomo, Gik. Nakuapia nilifungua mdomo. Kisha nikaona uso wake.

Sasa unajua.

Murti

*

Ujung Pandang, 12 Januari 1992

Mbak Murti,

Nimekaa na barua yako miezi mitatu. Siku nyingine naiacha kiwandani ili nisilale nayo nyumba moja.

Mtu huyu alinifundisha kuendesha baiskeli. Alinilipia sare. Siku ya ndoa yangu alisimama mahali pa Baba, nikambusu mkono.

Tutakuja Lebaran, sote watatu. Kabla sijafika, mwambie Mama. Mwambie wewe, kwa mdomo ule ule. Hilo siwezi kukufanyia. Na kama huwezi kumuuliza mumeo, nitamuuliza mimi.

Gik

*

Sumberjati, 4 Machi 1992

Dik Gik,

Salamu kwa Hasnah na Palupi. Kesho tunaanza kufunga, kwa hiyo nakuandikia leo nikiwa bado na nguvu.

Nimemwambia Mama.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele. Nilimwambia yote, la ghala, la Muji, la barua. Hakuinua kichwa, vidole viliendelea kutoa mawe. Nilipomaliza akauliza, “Alikuwa na miaka mingapi?”

“Arobaini na mmoja, Mama.”

“Na wewe sasa?”

“Arobaini na mitatu.”

Akaweka ungo chini. “Basi amekuwa mdogo wako.”

Nilidhani akili imemtoka. Kumbe haikuwahi kuwa nzima kama siku ile. Akasema, “Mimi nimekuwa nikimsubiri mzee. Nilimwona ana mvi, mgongo umepinda, meno hana. Nikawaza nitamlisha nini. Nikanunua sarong nyepesi kwa sababu wazee hawapendi nzito. Huyo mzee hakuwepo. Aliyekuwepo ni kijana, na sikumlilia.”

Ndipo akalia, Gik. Hakulia kama bibi wa miaka sitini na mitano. Alilia kama mwanamke mwenye watoto wadogo, kwa sauti ile, mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna mtu kafa sasa hivi. Ningemwambia nini? Nikasema ndiyo, kuna mtu kafa.

Aliponyamaza akaniambia: “Mjane hulia, halafu hunyamaza. Wewe hukuniacha hata nianze.” Hajanilaani. Angenilaani ningepata pa kushika.

Akaamuru hitima ifanywe kabla ya mfungo. Nilimwomba tukusubiri. Akasema, “Miaka ishirini na sita imetosha, sisubiri na meli.” Modin akaja, akawa anahesabu kwa vidole, anashindwa. “Bibi Karsinah, niseme ni hitima ya siku ya ngapi? Hii haimo katika hesabu.” Mama akamwambia, “Sema ya siku ya saba. Ukimaliza, sema ya arobaini. Endelea hivyo mpaka ufike elfu.” Ikabidi asome toka adhuhuri mpaka jua linazama, sauti ikamkauka. Walikuja watu thelathini na kitu. Wengine walikuwa wazee ambao miaka ile walivuka upande wa pili wa barabara wakituona. Walikula, wakaondoka wamebeba vikapu vyao vya wali.

Mama alimwambia Muji apike yeye, nje, peke yake. Alipika wali wa watu wote kwenye moshi huku anakohoa. Tangu siku hiyo Mama hamwiti jina. Husema “yule”. Naye anakula jikoni, amesimama.

Umesema utamuuliza. Sitakuzuia. Ila ukishajua, nami uniambie, kwa barua. Mbele yako sitaweza kusikia.

Murti

*

Ujung Pandang, 3 Mei 1992

Mbak Murti,

Assalamu alaikum. Tulifika salama, ingawa Palupi alitapika tangu Surabaya na bado anadai ni kosa la nahodha. Hasnah anashukuru kwa tempe ya soya uliyomfungia, mimi sijaionja. Mweleze Mama kwamba picha zimetoka, na kwamba hakufumba macho kama alivyoogopa.

Uliniomba niandike. Nimejaribu mara nne, hii ni ya tano.

Uliona asubuhi ya Lebaran nilivyoketi kwa wakubwa wote kuomba radhi, nikampita Mas Muji. Niliona kwamba uliona. Palupi hajui kitu, bado sijamwambia. Alifika mbele yake, akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye goti lake, akasema maneno yote kama alivyofundishwa: niwie radhi, Pakde, baba yangu mkubwa, makosa yangu ya dhahiri na ya moyoni. Nilimtazama yule mtu. Mikono ilining'inia hewani, hakuthubutu kumgusa kichwa. Alinitazama mimi kama anaomba ruhusa, na mimi nikageuza uso.

Alasiri nikamwambia, “Mas, tutoke.” Akachukua kofia yake bila kuuliza tunakwenda wapi. Alitangulia. Ghala halipo, wamepanda miwa mpaka kwenye msingi wake. Kuna kipande cha sakafu tu, watoto wanarushia tiara hapo. Akasimama hapo, akasema, “Mlango ulikuwa huku.”

Nikamuuliza. Nilitaka swali liwe kali, likatoka kama la mtoto: “Mas, ulikuwa wapi siku ile?”

“Nilikuwa na ufunguo,” akasema.

Alinieleza polepole, kikohozi kikimkatiza. Lori lilipofika waliitwa kwa orodha, na aliyeshika orodha hakusoma vizuri, akawa anakwama kwenye majina. Muji alifungua mlango akasimama pembeni, anatazama kufuli mkononi mwake ili asione wanaotoka. Baba alikuwa wa kumi na kitu. Alipofika mlangoni akasimama. Muji anasema hakuinua macho, aliona viatu tu. Kisha akasikia jina lake zima likiitwa, taratibu, kila silabi mahali pake, kama Baba alivyoita mahudhurio darasani: “Tarmuji Wirosuparto.”

“Nawe ukafanya nini?”

“Nikaitika, ‘Nipo, Mwalimu.’ Mdomo uliitika wenyewe. Miaka minane niliitika hivyo kila asubuhi.”

“Baba akasema nini?”

“Alisubiri nimtazame. Sikumtazama. Akaondoka.”

Hakupanda lori pamoja nao, Mbak. Anasema hivyo, nami namwamini, sijui kwa nini namwamini. Alifunga ghala tupu, akarudi kwao, akalala siku mbili. Aliniambia kwamba alipoandika ile barua mwaka 1973, kila herufi aliikata kama alivyofundishwa, kwa sababu alidhani mwalimu yuko nyuma ya bega lake anamsahihisha. Na hakumsahihisha.

Nilikuwa nimepanga maneno, Mbak. Miezi mitatu nilikuwa nimeyapanga, hata kwenye meli niliyarudia. Nilipoyatafuta hayakuwepo. Nikamwambia tu, “Mbak asikukute hujavaa sweta, jua linashuka.” Nikajichukia kwa kusema hivyo.

Sijamsamehe. Nataka ulijue hilo, usije ukawa unanisubiri. Sitaketi naye meza moja, na mwaka ujao tukija, ale wakati anaotaka, mimi nitakula wangu. Mama ana haki ya kumwita “yule” mpaka siku ya mwisho. Wewe pia una haki ya kumwambia aingie ndani aketi, na ukifanya hivyo sitakuuliza. Ni mumeo, na nyumba ni yako.

Tulirudi kwa njia ya shambani, yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye mfereji mpana, ule wanaopitishia maji ya miwa, kuna ubao mmoja tu, na yeye alianza kukohoa akiwa katikati. Akayumba. Mguu mmoja ukatoka kwenye ubao.

Nilimshika kiwiko. Nilimshika mpaka tukafika ng'ambo, kisha nikamwachia.

Mdogo wako,
Gik